Wageni wa IPT (programu ya kuchapishia data za viumbe GBIF), someni hapa kabla ya kuchapisha

Semina ya GBIF, mtandao wa kimataifa wa data za viumbe, ikiisha, haichukui muda seti mpya za data zinaanza kuingia, na makosa ni yale yale ya waliotangulia. Wadogo zetu, Darwin Core (majina sanifu ya kolamu) mnaijua na jedwali mnalisafisha vizuri. Kinachokosekana ni yale ambayo mtu wa porini aliyajua, akaona hayana haja ya kuandikwa.

1. Kichwa. "Data za ndege" si kichwa. Taja kundi, mahali na miaka. Kwenye maelezo sema pia ambacho hamkukitafuta: asiyejua kwamba nyavu zenu zilitegwa chini ya miti tu atadhani ndege wa vileleni hawapo. Kwenye samplingProtocol, neno "uchunguzi" peke yake ni sawa na kuacha wazi. Nyavu ngapi, za urefu gani, zilikaa saa ngapi?

2. Saa. Daftari linasema saa 2 asubuhi, mwingiza data anaandika 02:00, na ndege chozi anaonekana akifyonza maua usiku wa manane. Kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni ongeza 6. Saa 1 hadi saa 5 usiku ongeza 18. Saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi toa 6. Kisha malizia na +03:00, maana msomaji wa Brazil hajui mko wapi.

3. Viwianishi. Hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo seti nyingi za kwetu huharibikia, tena kimya kimya. Alama ya kutoa ikidondoka, Dodoma (−6.17, 35.74) inahamia kusini-magharibi mwa Ethiopia. Latitudo na longitudo zikibadilishana nafasi, mji mzima unazama Atlantiki, magharibi ya Tangier. Haya ni makosa yenye adabu: ramani inayaonyesha, na GBIF yenyewe huyawekea alama. Lisilo na adabu ni la datamu, yaani msingi ambao viwianishi vinapimwa kutoka kwake. Ramani za topografia za Tanzania za 1:50,000 zimechorwa kwa datamu ya Arc 1960, wakati GPS isiyoguswa mipangilio inasoma datamu ya WGS84. Mtu anasoma pointi kwenye ramani ya karatasi, au GPS yake iliwekwa Arc 1960 ili ilingane na ramani, halafu kwenye geodeticDatum anajaza WGS84 kwa kuwa ndivyo alivyoona kwenye mfano. Rekodi imehama kama mita 300. Katikati ya tambarare ya Serengeti huenda hakuna atakayejali. Usambara Mashariki, mita 300 zinatosha kumtoa chura msituni na kumweka kwenye shamba la chai, na mtengeneza modeli za makazi ataandika kwa kujiamini kwamba chura huyo anavumilia chai. Hakuna alama itakayotokea, maana nchi ni sahihi na wilaya ni sahihi.

Kwa hiyo mwulizeni aliyeshika kifaa. Kama ni Arc 1960 UTM (viwianishi vya mita) kanda ya 37 kusini, badilisheni kwa programu ya ramani ya QGIS kutoka EPSG:21037, msimbo wa mfumo huo, kwenda EPSG:4326, msimbo wa WGS84, na namba za awali zibaki kwenye verbatimCoordinates, jina la mfumo wake kwenye verbatimSRS. Kama hakuna anayekumbuka, andikeni kwamba datamu haikurekodiwa, na coordinateUncertaintyInMeters ibebe hizo mita. Hapo sifuri haikubaliki, jamani. Hakuna GPS yenye uhakika wa mita sifuri. Kama hamuwezi kukadiria, acheni wazi. Na lebo ya zamani inayosema "Amani" (ile ya Usambara) tu haiwi pointi yenye desimali sita kwa sababu Google ilikupa desimali sita.

4. Tarehe. 2016-04-03, si 03/04/2016, ambayo Excel ya Kimarekani itaisoma kuwa Machi. Ukijua mwezi tu, 1958-03 inatosha. Ile "01" ya kuongezea ni uongo.

5. Majina. Lebo ikisema Saintpaulia ionantha, msiibadilishe kimyakimya kuwa Streptocarpus, jenasi inayotumika sasa. GBIF inajua kuunganisha visawe, lakini haijui mtambuzi aliona nini. Jazeni identifiedBy na dateIdentified, na "cf." (alama kwamba mtambuzi hana uhakika) iende identificationQualifier, isibandikwe kwenye jina.

6. Okidi za chikanda (viazi vyake hupikwa kuwa chakula) za Nyanda za Juu Kusini zinachimbwa na kuuzwa Zambia. Ukichapisha pointi kamili umemchorea mchimbaji ramani. Punguzeni hadi nyuzi 0.1, takriban kilomita 11, na mseme hivyo kwenye dataGeneralizations. Kupunguza bila kusema ni lile kosa la namba 3 lililovaa nguo nyingine.

7. Leseni ambazo GBIF inazikubali ni tatu tu: CC0 (haki zimeachiliwa), CC BY (mwenye data atajwe), CC BY-NC (atajwe, na isiwe kwa biashara). Kubalianeni kabla, si siku ya kuchapisha.

8. occurrenceID, kitambulisho cha rekodi, isiwe namba ya mstari wa Excel. Mtu akipanga upya jedwali kwa alfabeti, mstari wa 14 uliokuwa popo sasa ni mende, na makala iliyonukuu rekodi ile inaelekeza kwa mende. Tumieni namba ya sampuli pamoja na kifupisho cha mkusanyiko, au UUID (namba ndefu ya kipekee ya kompyuta), na kolamu hiyo ikae ndani ya faili lenu mama, si kwenye nakala ya kupakia tu. Toleo la pili la data likija na ID mpya, GBIF italiona kama rekodi ngeni kabisa.