Kumwachia yatima kiwanja kwenye wosia

Shikamoo mama. Umeuliza kama unaweza kukiachia kituo cha yatima kiwanja chako cha Igombe, ingawa una watoto. Unaweza, na nimefurahi umewaza hivyo. Kama wewe ni Mwislamu, wasia kwa asiye mrithi usizidi theluthi moja ya kinachobaki baada ya mazishi na madeni.

Usiandike tu “yatima wa Mwanza”, hapo ndipo ugomvi huanzia. Andika jina la kituo kama lilivyo kwenye cheti cha usajili, namba ya kiwanja, na kiende kwa nani iwapo kituo kimefungwa. Mashahidi wasiwe wanufaika. Wosia unaweza kuuhifadhi RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Na watoto waambie sasa, wasikie kwa mdomo wako. Wakilijua hilo kwenye matanga litawauma sana.