Majibu kwa wapiganaji: ndondi, judo na mkono unaoanguka

Kocha, nafanya ndondi, taekwondo na judo, siku mbili mbili kwa wiki. Ni mwezi wa nane na bado napigwa na vijana waliokuja nyuma yangu. Nakosea wapi? (Bwaise)

Kwenye mgawanyo. Mashindano ya taekwondo ya mtindo wa Olimpiki hayaruhusu ngumi ya uso, kwa hiyo mikono huzoea kukaa chini. Ukiingia ulingoni na mazoea hayo, taya liko wazi. Jitazame unapopiga teke la kulia: mkono wa kulia umeanguka hadi nyongani, sivyo? Hapo ndipo hook ya kushoto, ngumi ya kuzungusha kutoka pembeni, inapokukuta.

Dawa yake ni leso. Ibane kati ya ngumi ya kulia na shavu, kisha piga teke polepole, raundi 3 za dakika 3. Leso ikianguka, anza upya. Ukishaongeza kasi, mkono unaweza kupunga kidogo kusaidia teke, ila uwe umerudi shavuni kabla mguu haujagusa chini.

Halafu chagua mchezo wa msingi. Kwa miezi sita fanya ndondi siku tatu, judo mbili, na siku mbili pumzika. Taekwondo isubiri. Bondia wetu wa Uganda, Leo Rwabwogo, alituletea shaba ya Olimpiki mwaka 1968 na fedha mwaka 1972, zote za ndondi na zote katika uzani uleule. Vijana wetu wanakusanya michezo kama mashati, na makocha wanaopokea ada hawawaambii.

Siku nikiwa na vyote viwili, nianze na judo au ndondi? (Jinja)

Ndondi. Kushikana koti la judo kunachosha vidole na mikono hadi kiwiko. Ukienda kwenye gunia baada ya hapo, ngumi haifungi vizuri na kifundo cha mkono kinapinda. Acha muda wa saa sita katikati ukiweza. Kunyanyua vyuma kuwe kwa mwisho kabisa.

Mkanda mweusi unachukua muda gani? (Mbarara)

Swali hili linakuja kila wiki. Fanya mazoezi.

Nilipigwa nikaona nyota Jumanne, kwa hiyo Jumatano nikaenda judo badala ya ndondi ili nipumzishe kichwa. Ni sawa? (Arua)

Si sawa hata kidogo, ndugu yangu, na nakuomba usirudie. Kuanguka kwenye tatami, mkeka wa judo, kunatikisa ubongo uleule uliopigwa juzi. Ukiona nyota, ukisahau raundi, ukitapika au kichwa kikiuma, mazoezi yanaishia hapo hapo, ya michezo yote. Nenda kwa daktari. Usirudi kupigana hadi dalili ziishe zote na yeye akuruhusu. Kuumwa kichwa kukizidi, kutapika kukirudia au usingizi ukiwa mzito, usingoje asubuhi, kimbilia hospitali.

Na kwa wengine wote: kupigana kwa nguvu mara moja kwa wiki kunatosha, kwa glavu za wakia 16 na kinga ya meno. Ukihesabu Jumatatu ya ndondi na Alhamisi ya kikiboksing kama vitu viwili, unajidanganya. Vyote vinaingia kwenye kichwa kimoja.

Mimi ni wa judo, nimejifunza mieleka. Kwa nini refa ananiadhibu nikikamata miguu? (Gulu)

Kwa sababu sheria za kimataifa za judo zimekataza kabisa tangu 2013. Weka mbinu hiyo kwa siku za mieleka. Na usipokuwa na koti la kushika, pitisha mkono chini ya kwapa la mpinzani, kifua kwa kifua, ndipo utupe.

Pambano ni Jumamosi na nina kilo 4 za ziada. Nikimbie na majaketi bila kunywa maji? (Entebbe)

Hapana. Panda uzani wa juu, au usipigane Jumamosi. Kuna waliokufa kwa kujikausha hivyo. Kocha anayekwambia uteme mate kwenye chupa hadi mizani ikubali, mwache.