Maikrostreni 850 ni asilimia ngapi?
Ni asilimia 0.085. Streni ni urefu ulioongezeka ukigawanywa kwa urefu wa awali, kwa hiyo uwe umepima kwa milimita au kwa inchi, namba ni ileile. Maikrostreni 1 ni sehemu moja ya milioni. Gawanya kwa 10,000 upate asilimia, au kwa 1,000 upate milimita kwa mita. Hiyo ya mwisho ndiyo naipenda, maana unaiona: nondo ya mita 1 imerefuka milimita 0.85 tu.

Ila kama kifaa chako kinasoma milivolti kwa volti, hiyo bado si streni. Geji moja (kihisi kinachobandikwa kwenye kitu ili kupima streni) kwenye daraja la Wheatstone (sakiti ya vikinza vinne), ikiwa na kigezo cha geji 2 (yaani ukinzani wake hubadilika kwa uwiano mara 2 ya streni), kwa hizo 850 itakupa takriban milivolti 0.425 kwa volti.