Jibu: Je, bomba la zege litazuia kalavati kufurika?

Mkuu, umeuliza iwapo kung'oa bomba la bati la migongo na kuweka la zege, kipenyo kilekile, kutazuia maji kupanda barabarani. Kwanza jua kinachobana maji. Mvua ikikolea, simama mahali salama uangalie pande zote mbili. Kama upande wa juu maji yamefunika mdomo wa bomba, lakini upande wa chini yanatoka kwa kasi bila kulijaza, kinachobana ni mdomo wa kuingilia. Hapo ulaini wa bomba hauongezi kitu. Jenga ukuta wa mbele wenye mabawa (kuta za pembeni zinazoongoza maji mdomoni), na kingo za mdomo zichongwe mshazari badala ya kuachwa kali. Watu wengi hupuuza kazi hiyo ndogo, inaniuma sana.

Ila bomba likijaa mwanzo hadi mwisho, wazo lako lina nguvu: kigezo cha Manning (namba inayoonyesha ukwaru wa sehemu maji yanapopita) cha bati la migongo ni takriban 0.024, cha zege 0.012, hivyo msuguano unapungua mno.

Maji yatatoka kwa kasi zaidi, kwa hiyo panga mawe makubwa upande wa kutokea, la sivyo yatachimba chini ya bomba.