Mwani Ziwa Victoria? Hiyo pesa usiitume

Mkuu, hiyo laki tisa ya mbegu za mwani unayotaka kumtumia muuzaji kesho, usiitume. Umeuliza bei ya kilo, kibali, na kama ufukwe wako wa Kayenze unatosha kamba hamsini za mwani. Mwani hauoti ziwani. Hauoti Kayenze, hauoti Igombe wala Ukerewe. Ni mmea wa bahari, unaishi kwa chumvi, na maji yetu sisi tunachota ndoo tunasongea ugali.

Mimi nilijifunza hilo kwa milioni moja na laki nane. Niliuza pikipiki, laki nne nikakopa kwenye kikoba cha mama. Aliyenidanganya alijiita mtaalamu wa kilimo cha majini, kwenye kundi la WhatsApp, akawa ananitumia picha za akina mama wa Paje wamebeba mafurushi ya mwani kichwani. Picha zilikuwa za kweli! Zanzibar wanalima mwani wa kuuza tangu 1989. Na chumvi nilimuuliza, wallahi nilimuuliza. Akanijibu kuna mbegu ya maji baridi. Haipo. Aina zinazolimwa, spinosumu na kotonii, zote mbili ni za bahari.

Mbegu zilikuja na basi kutoka Tanga, viroba sita vinachuruzika maji. Nikakodi vijana wawili, tukapiga vigingi, tukafunga vishada kimoja kimoja kwa taitai, vile vikamba vyembamba, tangu alfajiri mpaka jua la utosini. Siku ya tatu nikaingia majini kukagua. Rangi ya kahawia imetoka yote, shada limepauka kama kabichi iliyochemshwa, nikilibana linateleza vidoleni na kukatika. Siku ya sita kamba zilikuwa tupu. Mzee mmoja anayeanika dagaa pale mwaloni akaja, akaziangalia, akaniambia, "Ng'wanawane, mwanangu, hiki kitu si cha huku."

Ningempigia mkulima mmoja tu wa pwani angeniambia. Hata kwao masika ikizidi, mvua ikapunguza chumvi, mwani unaharibika, ndiyo maana mdomoni mwa mto hawapandi. Na kazi yao inafuata bamvua, siku ambazo bahari inajaa na kupwa sana: maji yakitoka wanaingia shambani. Hapa kwetu yanatoka saa ngapi?

Yule bwana nilipompigia alisema nimefunga vibaya, ninunue mbegu nyingine. Hapo ndipo damu inaponichemka mpaka leo, kwa sababu alijua. Mama yangu alilipa kikoba kile miezi saba kwa kuuza vitumbua.

Kwa hiyo shika hili: usimlipe mtu mbegu mpaka usimame ndani ya shamba lake, kwenye maji kama yako, ushike mazao yake kwa mkono wako. Hata ukiamua kuhamia vizimba vya sato, ambavyo ziwani vinawezekana kweli, anza na hilohilo.

Namba ya huyo muuza mbegu wako inaishia na ngapi? Nijibu kabla hujatuma.