Maswali ya Fasihi: Karafuu Zilizonyeshewa

Barua za safari hii karibu zote zinalia na mambo matatu: toni, hali na taswira, yaani picha inayochorwa kwa maneno. Nazijibu kadiri nafasi inavyoruhusu.

Assalaam alaykum. Wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu wanachanganya toni na hali ya kihisia. Maana wamezikariri, lakini wakipewa kifungu wanapotea. (Mwalimu, Wete)

Waalaykum salaam. Maana ziweke kando kwanza. Wape kifungu chenye mambo wanayoyaishi. Kwa Wete mimi ningeandika hivi ubaoni:

"Karafuu zilikuwa juani tangu asubuhi. Mvua ikaanza kudondoka, ikakaza, majamvi yakarowa. Bi Mwanakhamisi alibaki barazani, mikono mapajani. Hakuna aliyetoka kuanua."

Mtoto wa Pemba haambiwi kwamba nyumba hii ina jambo. Anajua wingu likifunga tu watu wote hukimbilia uani, hata mgeni huacha chai yake, maana karafuu ikirowa huharibika na bei hushuka. Waulize wanahisi nini. Watakwambia msiba, au ugonjwa, au mtu aliyekata tamaa. Hiyo ndiyo hali: hisia inayomjaa msomaji. Sasa waulize wameitoa wapi, kwa sababu neno "huzuni" halimo popote. Hapo ndipo watakapoanza kusoma kweli: mikono mapajani, "ikakaza", "hakuna".

Kisha futa sentensi mbili za mwisho, uandike: "Bi Mwanakhamisi, tajiri wetu, alibaki barazani, yeye ana karafuu za kuigawia mvua." Mvua ni ileile na hasara ni ileile, ila sasa msimuliaji amebenua mdomo. Msimamo wake kwa bibi huyu ndio toni, na hapa ni kejeli. Wataona wenyewe kwamba tukio la kusikitisha laweza kusimuliwa na mtu asiyesikitika. Siku hiyo usiongeze kitu. Na zile orodha ndefu za toni zinazobandikwa ukutani, mimi sizipendi: mtoto huokota neno orodhani kabla hajasoma kifungu.

Shikamoo mwalimu. Nikiandika "mwandishi ametumia taswira ya bahari" napata nusu ya alama. Kimekosekana nini? (Mwanafunzi, Kidato cha Nne, Mkoani)

Marahaba mwanangu. Kimekosekana kazi ya hiyo bahari. Umesema ipo, sasa sema tunaiona, tunaisikia, tunainusa au tunaihisi kwenye ngozi, na inafanya nini hapo ilipo. Bahari inayonguruma usiku, baba hajarudi kuvua, si ile ya maji kupwa ambayo wanawake wa Paje wameinamia wakifunga mwani. Nukuu maneno yenyewe, eleza yanakuonesha nini, halafu yanambadili vipi mhusika machoni mwako. Na usiandike "taswira nzuri". Nzuri kwa nani?

Skuli yetu ina nakala chache mno za vitabu. Nitafundishaje toni? (Mwalimu mpya, Nungwi)

Kwa kanga. Kila mwanafunzi aje na jina la kanga moja ya nyumbani kwao. Tuseme mmoja ameleta "Wema hauozi". Mama akimtunukia jirani aliyemuuguza, ni shukurani. Akijifunga hiyohiyo akapita mbele ya mtu aliyemsaidia kisha akamgeuka, ni kijembe, na herufi haikubadilika hata moja. Darasa lijibu: nani anasema, anamwambia nani, baada ya kutokea nini? Kwenye riwaya maswali ni hayohayo. Ukimaliza, chukua sentensi moja ya kitabu, isomwe kwa upole, kwa hasira na kwa dhihaka, waamue ni usomaji upi unaokubaliana na maneno yaliyoizunguka.

Zile kanga za kurushiana maneno mtaani ziache, wazazi wasije wakakufuata ofisini.

Mandhari na hali si kitu kimoja? (Mwalimu, Jang'ombe)

Hapana. Riwaya ya *Kuli* ya Shafi Adam Shafi imewekwa kwenye bandari ya Unguja, na ndani yake umo mgomo wa 1948. Bandari na mwaka ndiyo mandhari, na utavikuta hata kwenye kitabu cha historia. Hali huipati mpaka usome jinsi mwandishi anavyokuelezea mzigo mgongoni mwa kuli.

Mwongozo unasema hali ya shairi ni huzuni, mimi naona hasira. Nikiandika hasira nitakosa? (Mwanafunzi, Makunduchi)

Rudi kwenye shairi, mwongozo uuache mezani. Ukipata maneno mawili matatu yanayokuunga mkono, andika hasira na uyanukuu. Usipoyapata, basi hasira hiyo umeingia nayo wewe. Mara nyingi vyote viwili vimo: beti za mwanzo zinalia, za mwisho zinatisha, na ukionesha ubeti ambao shairi linageukia, umeandika zaidi ya mwongozo. Msahihishaji asiyetaka kusikia jingine, huyo sina dawa yake, ila nukuu zilizopangwa vizuri zitampa tabu kukunyima alama.