Pasi yangu itawaka Marekani?

SWALI: Habari za kazi mhariri, mimi ni msomaji wenu wa Tanga. Mwezi ujao naenda Houston Marekani, binti yangu kajifungua na nitakaa naye kama miezi mitatu hivi. Nataka nibebe pasi yangu, birika la umeme, simu na pawabenki. Jirani anasema ninunue adapta tu kila kitu kitawaka, ni kweli?

JIBU: Shikamoo mama, hongera ya mjukuu! Jirani kakwambia nusu tu. Adapta inabadilisha miguu ya plagi, umeme haiugusi. Kwetu ni volti 230, Marekani ni 120, na soketi zao zina matundu mawili membamba na mara nyingi kingine cha duara chini yake, plagi yetu ya miguu mitatu minene haiingii hata ulazimishe.

Sasa chukua chaja ya simu usome yale maandishi madogo (mi huwa napiga picha alafu nakuza), ukiona 100-240V basi hiyo haina neno, adapta inatosha. Ila pasi na birika vya kwetu vingi vimeandikwa 220-240V, na ukivichomeka kule havilipuki kama watu wanavyotishana, vinapata tu kama robo ya nguvu, yani birika la wati 2000 linakuwa la wati 500 na kitu, chai utaisubiri mpaka mtoto alale aamke tena. Transfoma za kupandisha volti zipo lakini ya kuhimili birika hilo ni dude zito, litakumalizia kilo zako za mzigo bure. Viache nyumbani mama, binti lazima ana vyake.

Hatari kubwa iko kwenye kurudi! Blenda au drayer ya nywele ya 120V tu ukija kuichomeka Tanga inaungua hapohapo, kwahiyo wakikupa zawadi soma kwanza nyuma yake.

Pawabenki weka begi la mkononi, usiipakie kwenye mzigo, mashirika ya ndege hayaruhusu. Ya 20,000 mAh ni wati-saa kama 74, inapita, mwisho ni 100. Za 30,000 zinavuka hapo, mpaka uombe ruhusa ya shirika.

Adapta nunua moja nzuri tu kabla hujafika uwanjani maana pale bei zao mmh, alafu beba ekstensheni ndogo ya hapa uichomeke kwenye hiyo adapta, simu yako na tableti zitachaji pamoja, ila usiweke kitu kizito. Na kama ndege inapitia Dubai usihangaike kuitoa, soketi zao ni kama zetu.